Ukiwa na B, Usisubiri Siku ya Uwanjani
Mwongozo wa kuomba nafasi ya kadeti kwa kijana wa Kakamega

Siku ya kuandikisha makurutu ikitangazwa, Kakamega haihitaji kuambiwa mara mbili. Kabla jua halijachomoza, vijana wa Shinyalu, Malava, Navakholo na Mumias wamekwisha kupanga foleni uwanjani, bahasha za kaki mikononi, wakingoja kupimwa kimo na kukaguliwa meno na nyayo. Ndani ya foleni hiyo utamkuta kijana aliyepata B katika KCSE, au hata B+. Amekuja kutafuta kazi ya jeshi, na hii ndiyo njia pekee aliyowahi kuiona kwa macho yake. Hakuna aliyemweleza kwamba kwa gredi aliyo nayo angeweza kuomba kufunzwa uafisa, na kwamba maombi hayo hupokelewa mtandaoni, hufungwa baada ya muda mfupi, na hayana shughuli yoyote na foleni ya uwanjani.

Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya kijana huyo na mzazi wake. Kaunti ina shule kubwa, kuanzia Kakamega School hadi Butere Girls na Mukumu Girls, na kila mwaka zinatoa watahiniwa wenye sifa za kuomba. Wanaokosa nafasi baada ya kupimwa na kushindwa, hao wamepewa haki yao. Wanaonihuzunisha ni wale ambao hawakuomba kabisa kwa kuwa hawakujua, au waliomba wakakwama kwa jambo dogo lililokuwa kwenye uwezo wao kulirekebisha.

Kwanza tuelewane kuhusu njia zenyewe. Tangazo la Jeshi la Ulinzi la Kenya, KDF, huwa na mafungu kadhaa, na mtu asiyelisoma kwa utulivu huona fungu moja tu. Kuna makurutu wa kazi za kawaida, ambao hutakiwa kuwa na D au zaidi katika KCSE, huchaguliwa ana kwa ana katika kaunti ndogo zao, na hupelekwa chuo cha makurutu cha Eldoret. Kuna mafundi wenye vyeti vya ufundi. Kuna maafisa wataalamu, yaani watu waliokwisha kupata shahada: madaktari, wauguzi, wahandisi, wanasheria. Kisha kuna makadeti wa utumishi wa jumla, ambao tangazo huwaita kwa kifupi GSO. Hawa ndio wanaopelekwa Chuo cha Kijeshi cha Kenya, KMA, kilichoko Lanet, Nakuru, na wakifuzu hutunukiwa kamisheni na kuwa maluteni usu. Gwaride lao la kufuzu hukaguliwa na Rais mwenyewe kama Amiri Jeshi Mkuu.

Simdharau kurutu. Jeshi lisilo na askari wa kawaida si jeshi, na wapo wanaume na wanawake wa Kakamega walioanzia Eldoret wakatumikia nchi kwa heshima hadi kustaafu. Lakini kurutu akitaka kuwa afisa baadaye, njia yake ni ndefu na nyembamba. Aliyefikisha gredi ya ukadeti anapaswa kuijaribu kwanza njia ya ukadeti, angali na umri.

Lanet si mahali padogo katika historia yetu. Usiku wa tarehe 24 Januari 1964, wiki chache tu baada ya uhuru, askari wa kikosi cha 11 cha Kenya Rifles waliasi katika kambi ya hapo Lanet, wiki ile ile ambayo wenzao wa Tanganyika na Uganda walifanya vivyo hivyo. Malalamiko yao yalikuwa mishahara, na maafisa Waingereza ambao bado walikuwa wakiwaamuru. Maasi yalizimwa, lakini serikali ya Jomo Kenyatta iliona wazi kwamba nchi huru lazima ijifunzie maafisa wake yenyewe. Leo KMA hupokea makadeti wa majeshi yote matatu, la Nchi Kavu, la Wanahewa na la Wanamaji, na ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Ulinzi kilichopata hati yake mwaka 2021. Anayekwenda kuomba nafasi hapo afahamu kwamba anaomba kazi ambayo nchi hii iliipigania.

Gredi, na mtego wa Kiingereza

Matangazo ya miaka ya karibuni yamemtaka kadeti awe raia wa Kenya mwenye kitambulisho cha taifa, mwenye umri wa kati ya miaka 18 na 26, aliyepata B au zaidi katika KCSE, tena na C+ au zaidi katika Kiingereza, Hisabati na somo la sayansi. Kimo kisipungue mita 1.60. Uzito usipungue kilo 54.55 kwa wanaume na kilo 50 kwa wanawake. Asiwe na rekodi ya uhalifu. Mwanamke asiwe mjamzito wakati wa kuandikishwa wala katika kipindi cha mafunzo. Masharti huweza kubadilishwa kutoka tangazo moja hadi jingine, kwa hiyo lile la mwaka unaoomba ndilo la kulifuata, neno kwa neno.

Hapo kwenye gredi nitakaa kidogo, kwa maana pana mtego mpya. B ni pointi 60 au zaidi kati ya 84, kutokana na masomo saba. Tangu mtihani wa mwaka 2023, wastani huo huhesabiwa kwa Hisabati, lugha moja, na masomo mengine matano ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi. Lugha hiyo yaweza kuwa Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara. Mabadiliko hayo yamewasaidia wengi, nami nayaunga mkono. Lakini tazama matokeo yake kwa anayetamani Lanet: mwanafunzi anaweza kupata A ya Kiswahili na C ya Kiingereza, wastani wake ukatoka B safi, nyumba nzima ikashangilia, na bado asiweze kuomba ukadeti. Wastani haumwokoi mtu kwenye sharti la somo mojamoja.

Kwa hiyo, ikiwa bado uko Kidato cha Tatu au cha Nne, tamaa yako ya jeshi ianze kuonekana darasani. Kiingereza kisilegezwe kwa kisingizio kwamba Kiswahili kitabeba. Na ikiwa umekwisha kufanya mtihani, toa cheti sasa hivi, usome masomo matatu yale moja moja. Ukikuta C katika Hisabati, kubali kwamba njia hii imefungika kwa matokeo hayo, uanze kufikiria kurudia mtihani au kufuata fungu jingine. Kuomba tu kwa matumaini kwamba hawataona ni kupoteza mwaka.

Jambo jingine la uraia: Kifungu cha 78 cha Katiba kinamkataza mwanajeshi kuwa na uraia pacha. Kijana ambaye mzazi wake mmoja ni wa ng'ambo ya mpaka wa Busia au Malaba, au aliyezaliwa nje ya nchi na ana pasi ya huko, alimalize jambo hilo mapema kwa njia ya kisheria.

Karatasi

Katika maombi yote ya kazi za serikali, karatasi ndizo huwaangusha watu wenye sifa. Nenda ukaziweke mezani zote: kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, cheti cha KCSE, cheti cha kumaliza shule. Soma majina. Je, yanafanana herufi kwa herufi? Huku kwetu jina moja huandikwa kwa namna tatu. Wekesa huwa Wekhesa, Shikuku akaandikwa Chikuku na karani aliyekuwa na haraka, na binti aliyesajiliwa shuleni kwa jina la babu akachukua kitambulisho kwa jina la baba. Nyumbani hakuna anayejali. Mbele ya afisa anayekagua nyaraka za watu asiowajua, jina lisilolingana ni shaka, na shaka humfanya amwite anayekufuata kwenye foleni.

Marekebisho huchukua wiki au miezi. Jina la kitambulisho hushughulikiwa katika ofisi ya usajili wa watu ya kaunti ndogo yako, la cheti cha kuzaliwa katika usajili wa raia, na la cheti cha mtihani kwa Baraza la Mitihani, KNEC. Kama cheti cha KCSE kimepotea au kimeungua, KNEC hupokea maombi ya uthibitisho kupitia mfumo wake wa mtandaoni uitwao QMIS. Usingoje tangazo la jeshi litoke ndipo uanze safari hizo, kwa kuwa tangazo halitakusubiri.

Kuna vijana ambao vyeti vyao bado viko shuleni kwa sababu ya karo. Nawaomba wasione haya. Wizara ya Elimu imewaagiza wakuu wa shule mara kadhaa watoe vyeti hivyo bila masharti. Nenda na mzazi, uombe kwa heshima, na ukikataliwa andika barua kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo, ubaki na nakala. Mwenye kudai huenda ana haki ya kudai, lakini hana haki ya kuzuia maisha ya mtoto.

Cheti cha tabia njema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai huombwa kupitia eCitizen, kisha alama za vidole huchukuliwa, na kwa wakazi wa hapa Huduma Centre ya mjini Kakamega ndiyo iliyo karibu. Kiombe mapema hata kama tangazo halijakitaja, kwa sababu sharti la kutokuwa na rekodi ya uhalifu liko palepale.

Kisha kaunti yako ya nyumbani. Kifungu cha 241 cha Katiba kinataka uongozi wa jeshi uonyeshe sura ya maeneo na makabila yote ya nchi, hivyo nafasi hugawanywa kwa kuangalia hilo. Andika kaunti na kaunti ndogo unayotoka kweli. Wapo wanaoshauriwa na marafiki kujiandikisha mahali wanapodhani ushindani ni mdogo. Ukweli hujulikana kwenye kitambulisho na kwa chifu, na uongo wa siku ya kwanza humfuata mtu hata akiwa ndani ya chuo.

Kujaza fomu

Hakuna mwezi maalum wa tangazo. Hutokea magazetini na kwenye tovuti ya Wizara ya Ulinzi, mod.go.ke, na muda wa kuomba huwa mfupi. Jiwekee desturi ya kuifungua tovuti hiyo mara moja kila wiki. Habari inayozunguka WhatsApp, hata ikija na nembo ya KDF, ihakikishe huko kabla ya kufanya lolote.

Fomu ijaze wewe mwenyewe. Ninajua vijana wengi hawana kompyuta na watakwenda saiba, pale sokoni Lubao, Khayega au katikati ya mji. Hakuna ubaya. Lakini keti karibu na mhudumu, usome kila mstari kabla hajabonyeza, na hakikisha anwani ya barua pepe na nambari ya simu ni zako. Wahudumu wengine, kwa nia njema kabisa, huweka barua pepe ya duka kwa kuwa mteja hana yake. Ujumbe wa jeshi ukifika huko baada ya wiki tatu, hakuna anayekumbuka ni wa nani. Barua pepe hufunguliwa bure. Fungua yako, andika neno lake la siri kwenye daftari, ukalifiche nyumbani.

Majina yaandike kwa mpangilio wa kitambulisho. Tarehe ya kuzaliwa iwe ile ya kitambulisho. Chagua fungu la makadeti, usije ukabonyeza la makurutu au mafundi kwa haraka. Ukimaliza, chapisha ukurasa unaothibitisha kwamba maombi yamepokelewa, au uupige picha kwa simu. Na usingoje usiku wa mwisho, kwa sababu nchi nzima huwa imengoja usiku huo huo, na umeme wa Kakamega wakati wa mvua unaujua.

Majina ya waliochaguliwa kwenda kupimwa huchapishwa hadharani, pamoja na siku na mahali. Litafute jina lako mwenyewe kwenye orodha hiyo. Mtu akikupigia simu kwamba jina lako "limepita" lakini kuna kitu kidogo cha kumalizia, huyo si wa jeshi.

Anayesema ana mtu ndani

Hapa ndipo ningependa kila mzazi wa kaunti hii asome polepole. Kuandikishwa katika KDF ni bure. Hakuna ada ya fomu, hakuna ya kupimwa afya, hakuna ya barua ya wito. Hakuna.

Hata hivyo kila msimu hutokea mtu mwenye maneno mazuri. Pengine ni mjomba wa rafiki, pengine ni jirani aliyestaafu, pengine ni mtu aliyeketi na wazee kanisani. Anasema ana mtu Nairobi, nafasi zimebaki mbili, na kaunti yetu imetengewa moja. Anataka mamia ya maelfu ya shilingi. Familia inauza ng'ombe wawili, inakodisha shamba la miwa kwa misimu kadhaa, inachukua mkopo kwenye chama. Barua inakuja, ina muhuri na nembo, imeandikwa jina la kijana kwa wino mzito. Siku ya kuripoti, anasindikizwa kwa sala na nyimbo. Vijana wa namna hiyo wamewahi kukamatwa huko Eldoret walipojitokeza na barua bandia, na kesho yake wakajikuta mahakamani badala ya gwarideni. Aliyeuza barua huwa amekwisha kuzima simu.

Uchungu wa jambo hili ni kwamba mara nyingi kijana huyo alikuwa na sifa za kuchaguliwa kwa haki. Sasa ana kesi, na sharti la kutokuwa na rekodi ya uhalifu linamfungia nje. Sheria ya Kupambana na Hongo ya mwaka 2016 haimwachi mtoaji: anayetoa na anayepokea wote wana hatia, na adhabu yaweza kufika kifungo cha miaka 10 au faini ya shilingi milioni tano, au vyote viwili. Mzazi aliyetuma pesa kwa M-Pesa ameacha ushahidi dhidi yake mwenyewe.

Nimesikia hoja ya kwamba kila mtu anatoa, na asiyetoa hapati. Nimewaona waliopata bila senti moja, watoto wa wakulima wadogo na wauza mboga, na sioni haja ya kumkabidhi mgeni shamba kwa sababu ya uvumi. Ukiombwa pesa, andika jina, nambari ya simu na tarehe, uripoti kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi au kwa polisi. Ukiogopa kuripoti, basi angalau usitoe. Afadhali pesa za ng'ombe mmoja zimsomeshe kijana kozi moja huku akisubiri tangazo lijalo.

Mwili

Anza miezi sita kabla, si wiki mbili. Una bahati ya kuishi zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, kwenye vilima na njia za udongo. Barabara ya msituni kuelekea Isecheno, miteremko ya Ikolomani, uwanja wa Bukhungu: mahali pa kukimbia hapakosekani. Anza kilomita tatu, panda hadi nane au kumi, mara nne kwa wiki, na siku moja ya mapumziko kamili. Ongeza pushapu, kujivuta juu kwa mikono na mazoezi ya tumbo. Anayekimbia kwa kasi siku moja kisha akalala wiki nzima huumia magoti bila faida.

Uzito ni tatizo la wengi waliotoka shule za bweni wakiwa wembamba. Ukipungukiwa na kilo tatu, huwezi kuzipata kwa kunywa maji mengi asubuhi ya kupimwa, ingawa wapo wanaojaribu. Ugali, maharagwe, omena, mayai, ndizi na mboga za kienyeji kwa miezi minne vitafanya kazi hiyo taratibu.

Macho, meno na masikio yakaguliwe mapema, kwa kuwa hayo ndiyo huwashtua watu. Mtu anaweza kuishi miaka 20 bila kujua kwamba jicho moja linaona vizuri kuliko jingine, au kwamba hatofautishi rangi fulani. Hospitali ya macho ya Sabatia, hapo Vihiga, si safari ndefu, na hospitali kuu ya kaunti mjini Kakamega ina huduma za macho na meno. Jino lililooza lishughulikiwe sasa. Kama una ugonjwa wa muda mrefu, mweleze daktari ukweli na uulize kama utahimili mafunzo mazito. Kuficha pumu au kifafa kwenye fomu kunaweza kukuua ukiwa mazoezini.

Kuhojiwa, na swali lililo gumu zaidi

Ukiitwa, mara nyingi utasafiri hadi Nairobi. Ondoka mapema ufike siku moja kabla, ulale kwa jamaa, usiingie kwenye upimaji ukitoka ndani ya basi la usiku ukiwa na macho mekundu. Beba nyaraka halisi pamoja na kopi zake. Vaa nguo safi za kawaida, na uwe na za mazoezi. Nywele fupi.

Wanaokuhoji wanatafuta kiongozi, na sauti kubwa pekee haimfanyi mtu kiongozi. Fuatilia habari za nchi na za eneo hili lote kwa miezi kadhaa. Fahamu kaunti yako: kaunti ndogo zake 12, uchumi wa miwa na masaibu ya kiwanda cha sukari cha Mumias, msitu na shida zake. Jizoeze kusimama mbele ya watu na kuzungumza dakika tano juu ya jambo moja, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, bila kutetemeka. Vikundi vya vijana kanisani, msikitini na vyama vya midahalo vya shule ni mahali pazuri pa kujifunzia hilo, na wewe uliyekuwa nahodha wa timu au kiranja wa bweni, kumbuka mfano mmoja halisi wa siku ulipolazimika kuamua jambo gumu.

Soma Kifungu cha 241 chote. Kinasema jeshi hulinda uhuru na mipaka ya nchi, husaidia mamlaka nyingine wakati wa majanga, na laweza kutumwa kurejesha amani mahali penye machafuko hapa nchini kwa idhini ya Bunge la Taifa tu. Juni 2024, wakati wa maandamano ya vijana kupinga Mswada wa Fedha, suala hilo lilifika bungeni na mahakamani. Vijana waliokuwa barabarani walikuwa rika lako. Huenda usiulizwe kuhusu siku hizo, lakini jiulize mwenyewe ungesimama wapi ukiwa na kombati, na mipaka ya amri ni ipi.

Lingine la kukaa nalo ni hili. Oktoba 2011 KDF iliingia Somalia. Tarehe 15 Januari 2016 kambi yake ya El Adde ilishambuliwa na al-Shabaab, na askari wengi wa Kenya wakauawa. Familia zao bado zinaishi na msiba huo. Afisa hajihatarishi peke yake, hubeba pia maisha ya vijana atakaowaongoza, na baadhi yao watakuwa wakubwa kwake kwa umri. Kazi hii ina mshahara wa uhakika, sikatai, na katika kaunti ambako wahitimu wengi wanaendesha boda boda, mshahara ni jambo la haki kulitamani. Lakini anayeingia kwa mshahara peke yake atateseka, na pengine atawatesa wengine. Keti na wazazi wako jioni moja, mlizungumze jambo hili waziwazi, pamoja na kifo. Mama akisema anaogopa, msikilize hadi mwisho.

Kwa mabinti neno moja zaidi. Bado kuna wazee watakaokuambia kuwa jeshi si la wanawake. Waambie kwamba Mei 2024 Jeshi la Wanahewa la Kenya lilipata kamanda mwanamke, Meja Jenerali Fatuma Gaiti Ahmed, aliyeanza kama kadeti katika miaka ya 1980, wakati mlango ulikuwa mwembamba kuliko sasa. Kisha nenda ukakimbie.

Jina lisipotokea

Nafasi ni chache kuliko waombaji, na wengi wenye sifa kamili hawataona majina yao. Hilo likitokea, usirudi kwa yule mwenye mtu ndani. Piga hesabu ya umri wako. Mwenye miaka 19 anaweza kuona matangazo kadhaa kabla hajatimiza 27. Mwenye miaka 25 pengine anaona la mwisho, na inafaa wakati huo huo aombe kazi nyingine bila kujilaumu.

Endelea na masomo ukisubiri, maana ukikubaliwa chuo kikuu na kuacha kwenda kwa sababu unangoja jeshi, unaweza kukosa vyote. Hasa kumbuka fungu la maafisa wataalamu, ambalo matangazo yamelipa umri wa hadi miaka 30. Anayesomea uuguzi au uhandisi katika Chuo Kikuu cha Masinde Muliro hapa mjini, akihitimu na kusajiliwa na baraza la taaluma yake, anaweza kuomba kamisheni kwa njia hiyo. Usajili huo nao una foleni yake, kwa hiyo uanze mara tu matokeo ya mwisho yanapotoka, na stakabadhi zake uziweke pamoja na kitambulisho na vyeti vingine.